Kelele ndani ya gari la safari na gari la kulala: maswali yenu na majibu

Kila msimu wa wageni unapokaribia, mafundi wa Arusha na Moshi huulizwa habari za springi, shokapu na tairi. Safari hii wengi mmeuliza kuhusu kelele, na nimefurahi, maana ni jambo tunalolichukulia kama sehemu ya kazi wakati linamchosha dereva na kumharibia masikio. Swali la kwanza nimelipa nafasi kubwa kwa sababu jibu lake linawahusu karibu wote walioandika.

Fundi, naendesha Land Cruiser iliyorefushwa, ya viti saba. Tukiwa lami kwenda Karatu, mgeni wa siti ya nyuma hanisikii hata nikipaza sauti. Jioni nakuwa hoi, kichwa kinagonga. Nimeambiwa ninunue zile karatasi za kubandika zenye foili. Nianzie wapi? (Dereva, Sakina)

Usinunue kitu bado, kaka. Zile karatasi zina kazi yake na tutafika huko, lakini ukianza nazo utatumia hela nyingi na mgeni wa nyuma bado hatakusikia. Sauti hupita penye upenyo kama maji. Ukuta uwe mzito kiasi gani, ukiacha uwazi wa asilimia moja tu ya eneo lake, hauzuii zaidi ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 20 hivi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuziba.

Na sisi wa huku tumepewa kipimo cha bure: vumbi. Ukirudi kutoka Ngorongoro au Serengeti usikimbilie kuosha gari. Fungua mlango mmoja mmoja utazame fremu yake kwa tochi. Raba nzima huacha mstari safi. Nje pana vumbi, ndani hapana kitu. Penye upenyo utaona ulimi wa vumbi umevuka raba na kuingia hadi kwenye kapeti. Weka alama ya chaki hapo hapo. Tazama hivyo hivyo kuzunguka paa la kufungua, madirisha ya kuteleza, mlango wa nyuma, na chini kwenye mguu wa gia. Vumbi lilipopita, kelele nayo inapita. Nikipewa gari lililooshwa vizuri kabla ya kazi hii, nasikitika, maana ramani yote imefutwa.

Halafu jaribu kwa karatasi. Weka kipande kwenye raba, funga mlango, vuta. Kikitoka bila kukaza, raba imelala au bawaba imeshuka. Mara nyingi hutahitaji raba mpya. Kurekebisha komeo la mlango kunatosha. Raba za paa ndizo zinazochoka haraka, kwa jua na kwa kufunguliwa mara kwa mara. Zioshe kwa maji na sabuni, zikauke, kisha zipake mafuta ya silikoni. Usizipake grisi wala dizeli, zinavimba na kuharibika. Na kagua vibano vya paa: kimoja kikilegea, paa zima linacheza ukifika spidi 70.

Sasa ingia chini ya dashibodi. Magari yetu ya safari yamefungwa redio kolu, friji, na soketi za kuchajia kamera, na kila fundi umeme alitoboa tundu lake kwenye ukuta unaotenga injini na kabini. Mengi ya matundu hayo hayana raba. Ukiweka mkono hapo injini ikiwa inaunguruma, utasikia hewa ya moto. Ziba kila moja kwa raba yake. Licha ya kelele, waya unaopita kwenye bati tupu hukatika ganda taratibu kwa mtikisiko, na moto wa gari huanzia hapo. Angalia pia raba ya mguu wa gia na ya tranzifa (kijiti cha kuingizia magurudumu manne). Ikichanika, kelele yote ya gia boksi inapanda moja kwa moja kwenye mapaja yako. Kama lako lina injini ya 1HZ, ile ya lita 4.2 ya dizeli, hapo utasikia tofauti siku hiyo hiyo.

Ukishaziba, ndipo uanze kukaza. Raba za bodi, zile zinazokaa kati ya bodi na chesisi, hupondeka kwa barabara yenye mawimbi baada ya geti la Lodoare. Zikiisha, bati linagusa chuma na gari zima linakuwa ngoma. Kagua mauntini (raba zinazobeba injini), vishikio vya ekzosi, fremu za viti, na karia ya mizigo juu ya paa.

Karia inastahili neno lake. Mlio mwembamba wa filimbi unaoanza ukifika spidi fulani na kuacha ukipunguza, mara nyingi unatoka kwenye bomba la karia au antena ya redio. Chukua kamba nyembamba uizungushe kwenye bomba kwa mkato wa mshazari, kutoka mwanzo hadi mwisho. Upepo hauwezi tena kujikunja kwa mpigo mmoja, na filimbi inakufa. Turubai la pembeni na madumu matupu usiyoyahitaji, shusha. Kelele ya upepo hukua haraka kuliko mwendo wenyewe: kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa inaongezeka desibeli tano au sita.

Sasa zile karatasi. Gari likirefushwa huongezewa mabati mapana yaliyonyooka, na bati pana lililonyooka hulia. Ligonge kwa kifundo cha kidole. Likilia *ngoo* na kuendelea, linahitaji karatasi. Likilia *pu* na kunyamaza, liache. Huna haja ya kufunika bati zima. Robo hadi theluthi yake, katikati, inatosha kuua mtikisiko, na hilo litakuokolea fedha na uzito. Chagua ya butili (aina ya mpira), si ya lami. Ya lami hulainika juani na kunuka ndani ya gari, na gari lililopaki Seronera saa saba mchana ni tanuri. Safisha bati kwa tina hadi kitambaa kitoke cheupe, likauke, bandika, kisha pitisha rola kwa nguvu hadi foili ionyeshe alama zilizolala. Isipokandamizwa itabanduka. Matundu ya chini ya milango usiyazibe kamwe, ndipo maji ya mvua yanapotokea.

Mwisho kabisa, sakafu: tabaka la sponji isiyonyonya maji, juu yake mkeka mzito wa mpira, viungo vyote vikipandana. Hapo ndipo mgeni wa nyuma atakusikia ukimwonyesha chui.

Habari za kazi fundi. Mimi na mzee wangu tumestaafu, tunakaa Moshi. Tumegeuza Hiace yetu kuwa gari la kulala, na kitanda, kabati na jiko la gesi. Ikitembea ni makelele matupu ya vyombo. Pia fundi wa kapeti anataka kuziba tundu lililopo sakafuni karibu na jiko, anasema ndilo linaloleta kelele. Tumruhusu? (Mama, Moshi)

Mama, shikamoo. Nianze na la pili kwa sababu ni la uhai: asiliguse. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu, inalala sakafuni, na tundu hilo ndilo mlango wake wa kutokea. Likizibwa, gesi itajaa chini ya kitanda mnacholalia. Kama kelele inapita hapo kweli, fundi bati awafungie kikinga kwa chini, kinachotazama nyuma ya gari, chenye uwazi usiopungua ule wa tundu lenyewe. Kelele ya tairi itapungua na gesi itaendelea kuwa na njia.

Na kwa kuwa mtaziba mapengo mengine, naomba sana: gari likishakuwa limezibwa vizuri, msiwashe jiko kwa ajili ya kupasha joto usiku, wala msiingize mkaa. Huko kwenye kambi za ukingo wa kreta ni zaidi ya mita 2,000 na baridi inashawishi. Hewa ya sumu ya moto haina harufu na mtu haamki. Acheni dirisha moja wazi kidogo, na juu ya hapo ongezeni mablanketi.

Sasa vyombo. Mzee aendeshe taratibu kwenye barabara ya vumbi, wewe kaa nyuma umefunga mkanda, ukandamize kwa kiganja kila kilicho karibu: mlango wa kabati, droo, kifuniko cha jiko. Kelele ikikata ghafla chini ya mkono wako, umeipata. Kati ya sufuria na sahani weka khanga kuukuu. Sumaku za milango ya kabati hazifai gari, badilisheni kwa makomeo ya kubonyeza. Vyuma vya juu ya jiko vitoeni mvifunge kwenye taulo kabla ya kuondoka. Mtungi ufungwe mikanda miwili, ya juu na ya chini, ukiwa umesimama.

Halafu kumbukeni injini ya Hiace ipo chini ya viti vya mbele. Kifuniko chake kina raba ya kuzunguka na makomeo. Raba ikiwa imekauka au komeo moja halibani, mnakaa juu ya injini iliyo wazi. Hiyo ibadilisheni kabla ya kapeti yoyote.

Fundi, naweza kutumia vipande vya godoro kuzuia kelele? Vinauzwa bei poa. (Msomaji, Kiborloni)

Hapana. Godoro linanyonya maji, likilowa kwenye mlango au sakafu linakaa na unyevu na bati linaoza bila wewe kuona. Linashika moto upesi na moshi wake ni sumu. Tena halizuii kelele inayotoka nje. Kazi yake ni kupunguza mwangwi wa ndani tu, na viti vyako tayari vinafanya hivyo.

Gari langu linavuma *wuuuu* nikifika 60, na linazidi kadiri ninavyoongeza mwendo. Nimebandika sakafu yote na bado. Ni tairi au nini? (Mfanyabiashara, Usa River)

Sikiliza mambo mawili. Kwanza, lami ikibadilika, kutoka ile mpya laini kwenda ile yenye kokoto, mvumo unabadilika? Kama ndiyo, ni tairi. Tairi za matope zenye meno makubwa huvuma hata zikiwa mpya, na tairi yoyote iliyoliwa vibaya kwa sababu ya shokapu mbovu au kutozungushwa huvuma zaidi. Kama unatembea lami sehemu kubwa ya mwezi, chukua tairi za mchanganyiko, utapumua.

Pili, kama lami haileti tofauti, nenda kwenye barabara pana isiyo na gari, kata kushoto kidogo, kisha kulia. Ukikata kushoto uzito unahamia kulia. Mvumo ukiongezeka hapo, shuku beringi ya kulia, na ukiongezeka ukikata kulia, shuku ya kushoto. Piga jeki, zungusha tairi kwa mkono huku mkono mwingine umeushika kwenye springi, utahisi ukwaru.

Nami nakusihi usitafute cha kubandika juu ya sauti hiyo. Beringi ikifa kwenye mteremko, tairi inaweza kuondoka. Sauti za namna hii, pamoja na kugonga kwa kroschointi (kiungo cha shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu) na mlio wa breki, ziache zisikike hadi chanzo kitengenezwe. Ndiyo sababu namwambia kila mtu aende gereji kwanza, dukani baadaye.

Mambo fundi. Mimi ni dereva kijana, masikio yanalia *nyiii* usiku nikirudi safari. Nikivaa zile spika za masikioni zinazozima kelele nikiwa naendesha, kuna ubaya? (Dereva, Majengo, Moshi)

Poa mdogo wangu, na asante kwa kusema, wengi wanaficha. Ukiendesha usizivae. Unahitaji kusikia honi ya lori linalokupita Boma Ng'ombe, na bodaboda iliyo ubavuni. Abiria wako avae akitaka.

Mlio huo ni ishara kwamba masikio yamechoka kuliko yanavyoweza kuvumilia. Kipimo kinachotumika sana kazini ni desibeli 85 kwa saa nane. Kila zikiongezeka tatu, muda salama unakatwa nusu: 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili. Kwa hiyo kupunguza hata desibeli tatu tu kwa kuziba milango kunakuongezea muda mara mbili, na hilo linawezekana bila kununua kitu kikubwa. Usishindane na kelele kwa kufungua muziki zaidi, unajumlisha moja juu ya nyingine. Dirisha la dereva lifunge ukiwa mwendo mkubwa. Na kama mlio haujaisha baada ya siku kadhaa za kupumzika, nenda hospitali ya KCMC, wana madaktari wa masikio, wakupime usikivu. Usikivu uliopotea kwa kelele haurudi, lakini uliobaki unalindwa.

Nitajuaje kama fundi amefanya kazi kweli au amenipiga? (Mmiliki wa magari mawili, Njiro)

Weka programu ya kupimia sauti kwenye simu. Simu si kifaa cha maabara, namba yake usiitegemee, lakini kwa kulinganisha kabla na baada inatosha. Tumia simu ile ile, iliyofungwa mahali pale pale karibu na kichwa cha abiria, madirisha yamefungwa, feni imezimwa, upepo wa tairi sawa. Nenda kipande kile kile kati ya Kisongo na Makuyuni, kwa spidi 80 isiyobadilika, dakika mbili. Kisha geuza upime kurudi, uchukue wastani, kwa sababu upepo wa uwanda ule unaweza kuongeza au kupunguza zaidi ya alichofanya fundi.