Unatoka Ufaransa kwenda kucheza kikapu nje? Soma hii kabla ya kusaini

Kila kiangazi ni yaleyale. Dogo kamaliza misimu miwili mizuri kwenye ligi ya Ufaransa, ofa imetoka Hispania au Uturuki, na picha yake na jezi mpya imeshapanda mtandaoni hata vipimo vya afya havijaisha. Ikifika Januari anauliza maswali ambayo majibu yake yamo kwenye mkataba aliousaini mwenyewe. Basi tuyaseme mara moja, kwa mchezaji na kwa yule mjomba au dada mkubwa anayemshikia makaratasi. Tunawapenda, ila mnachosha.

1. NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, si mlango pekee.

Tony Parker alichaguliwa wa 28 kwenye drafti (zoezi la kila mwaka la timu za NBA kuchagua wachezaji wapya) ya 2001, Rudy Gobert wa 27 mwaka 2013. Hao mnawajua. Someni zaidi njia ya Nando De Colo: alichaguliwa wa 53, yaani raundi ya pili, mwaka 2009, akacheza Valencia ya Hispania hadi 2012, akacheza misimu miwili NBA, San Antonio na Toronto, kisha akaenda CSKA Moscow akatwaa EuroLeague, kombe kubwa la klabu za Ulaya, mara mbili, 2016 na 2019. Mwaka 2016 alikuwa MVP, yaani mchezaji bora, wa msimu na wa Final Four (nusu fainali na fainali) pia. Fabien Causeur hakucheza NBA hata dakika moja. Alipita klabu za Baskonia, Bamberg, kisha Real Madrid, na ana makombe mawili ya EuroLeague, 2018 na 2023.

Mchezaji wa raundi ya pili hana mkataba wa uhakika kama wa raundi ya kwanza, na haki zake hubaki kwa timu iliyomchagua hata akiendelea kucheza Ulaya. Kwa hiyo haraka ya nini? Ousmane Dieng alipitia New Zealand Breakers, Alex Sarr alipitia Perth kule Australia, Killian Hayes alipitia Ulm kule Ujerumani. Wote walifuata dakika za kucheza na watu wazima. Kabla ya kuuliza klabu ina jina gani, uliza nani yuko mbele yako kwenye nafasi yako, na mkataba wake unaisha lini.

2. Pasipoti yako ina mipaka.

Ndani ya Umoja wa Ulaya huhesabiwi pamoja na Wamarekani kwenye nafasi za wageni. Lakini Hispania na Italia zina nafasi zilizotengwa kwa wachezaji waliolelewa kwenye mfumo wao, na hizo huzijazi. Uturuki na China wewe ni mgeni kamili. Unachukua nafasi ambayo kocha angempa Mmarekani, kwa hiyo unapimwa kwa kipimo cha Mmarekani, na mechi nne mbovu zinatosha kuanza kutafutiwa mbadala.

3. Uliza hiyo pesa ni ya mkononi au ni kabla ya kodi.

Ulaya ofa nyingi hutajwa kama mshahara wa mkononi, klabu ndiyo ilipe kodi. Marekani kila namba mnayoisikia ni kabla ya kodi, na NBA huzuia asilimia 10 ya mshahara kwenye akaunti maalumu hadi hesabu za msimu zifungwe. Wakala wa NBA hawezi kudai zaidi ya asilimia 4, tena anakudai wewe. Ulaya kawaida ni asilimia 10, na mara nyingi hulipwa na klabu. Mtego uko hapa: klabu ikiahidi kulipa kodi isilipe, ofisi ya kodi itakutafuta wewe, kwa sababu mlipakodi ni wewe. Dai cheti cha malipo ya kodi cha kila mwaka, na kitajwe ndani ya mkataba. Na asikudanganye mtu kuhusu ile nafuu ya kodi ya wageni Hispania inayobeba jina la Beckham: wanamichezo wa kulipwa waliondolewa humo mwaka 2015.

4. Mshahara ukichelewa, usipande ndege.

Hapa ndipo wengi wanapoumia, na wanaumia wakiwa na haki yao mkononi. Mshahara wa Novemba haujaingia. Wa Desemba pia. Meneja wa timu anasema mdhamini anakaribia kulipa. Kijana anakasirika, anaacha kwenda mazoezini, Krismasi anarudi Lyon kwa mama. Wiki moja baadaye klabu inatuma barua: umetoroka kazini, mkataba umevunjwa kwa kosa lako, na faini juu. Aliyekuwa anadai sasa anadaiwa.

Kosa ni kuchanganya haki mbili. Mikataba mingi ya kikapu Ulaya inakupa ya kwanza: malipo yakichelewa siku kadhaa, tuseme 15, unaruhusiwa kutokufanya mazoezi wala kucheza. Ya pili huja baadaye, tuseme siku ya 30 au 45: unaruhusiwa kuvunja mkataba, na salio lote la msimu linadaiwa papo hapo. Siku zako ni zile zilizoandikwa kwenye karatasi yako, wala si za rafiki yako anayecheza Ugiriki. Tena mara nyingi kila haki inataka taarifa ya maandishi kwanza, na klabu ipewe siku za kurekebisha.

Kwa hiyo fanya hivi. Siku malipo yanapochelewa, chapisha taarifa ya benki inayoonyesha hakuna kilichoingia. Wakala atume barua pepe kwa anwani zilizotajwa kwenye mkataba, siyo ujumbe wa WhatsApp kwa meneja, ataje kiasi, tarehe iliyopita na kipengele kinachohusika. Wewe endelea kwenda mazoezini mpaka siku ya kwanza ya haki itimie. Ukisimama, andika tena kwamba unasimama kwa mujibu wa kipengele fulani. Siku ya pili ikitimia, tuma barua ya kuvunja mkataba, ndipo ufungashe virago. Kabidhi funguo za nyumba na gari kwa maandishi, na upige picha kila chumba.

Halafu kuna ile karatasi ya mwisho. Klabu inakwambia: saini hapa tukuachie uondoke. Imeandikwa Kituruki au Kigiriki, na ndani inasema kwamba pande zote zimeachana kwa hiari na mchezaji hadai chochote. Vijana wanaisaini kwa sababu wana klabu mpya inayowangoja na wanaogopa kukosa barua ya ruhusa ya kuhamia nchi nyingine. Barua hiyo haitolewi na klabu, jamani. Inatolewa na shirikisho la nchi uliyocheza mwisho, chini ya kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, na klabu inayoipinga inapaswa kuonyesha kwamba mkataba wako bado uko hai. Barua yako ya kuvunja mkataba, iliyotumwa kwa utaratibu, ndiyo inayokulinda hapo. Ukisaini ile ya kusamehe deni, hakuna msuluhishi atakayekurudishia.

Madai yenyewe yanakwenda BAT, mahakama ya usuluhishi ya kikapu yenye makao ya kisheria Geneva, lakini iwapo tu mkataba wako una kipengele kinachoitaja. Kisipokuwepo, utajikuta kwenye mahakama za nchi husika, kwa lugha usiyoijua. BAT hufanya kazi kwa Kiingereza na huamua kwa kuangalia haki na usawa badala ya sheria ya nchi fulani. Tenga fedha: kuna ada ya kufungua isiyorudishwa, kisha amana ya gharama, na klabu ikigoma kutoa sehemu yake, wewe unailipa yote ili kesi iendelee. Ukishinda unaweza kurudishiwa gharama. Klabu isiyotii uamuzi FIBA inaweza kuizuia kusajili wachezaji wapya, na hapo ndipo pesa huanza kuonekana. Ukipata klabu mpya Februari, ichukue. Mshahara wake hupunguzwa kwenye madai yako, lakini kukaa bure kwa makusudi pia kunapunguzwa.

5. Kipengele cha kuondoka kisome hadi senti ya mwisho.

Guerschon Yabusele baada ya Olimpiki ya Paris 2024 alitaka kurudi NBA. Fidia ya kuachana na Real Madrid kabla mkataba haujaisha iliripotiwa kuwa euro milioni 2.5, na mkataba wa Philadelphia, timu ya NBA, ulikuwa wa mwaka mmoja, takriban dola milioni 2.1. Msimu huo timu ya NBA iliruhusiwa kuchangia fidia hadi dola 850,000 bila kuhesabiwa kwenye ukomo wa mishahara, kwa hiyo pigeni hesabu wenyewe. Alijua anachokifanya, na kiangazi cha 2025 New York wakampa miaka miwili. Wewe wa miaka 20 unasaini fidia hiyohiyo bila kuuliza inashuka mwaka gani na mwisho wa kuitumia ni tarehe ipi Julai. Na timu ya taifa nayo uifikirie: Thomas Heurtel alisaini Zenit ya Urusi baada ya EuroBasket 2022, shirikisho la Ufaransa likamfungia mlango, na Olimpiki ya Paris hakuwepo.

6. Uwanjani, kwa kifupi.

Ukienda Marekani, mstari wa pointi tatu uko mita 7.24 badala ya 6.75, mechi ni dakika 48, faulo sita, na senta (yule mrefu wa chini ya kikapu) akiwa anazuia akikaa kwenye eneo la rangi mbele ya kikapu zaidi ya sekunde tatu bila kumkaba mtu karibu, wapinzani wanapewa mpira wa adhabu. Ukirudi Ulaya kumbuka kwamba mpira ukishagusa ringi ruksa kuupiga, hata ukiwa bado juu ya kikapu. Masenta wanaotoka NBA, kwa mazoea ya kule, huusindikiza kwa macho mpaka Oktoba inaisha.