Dada aliyetaka kutupa unga wake wa mchele

Juzi usiku msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, nimejaribu tambi za mchele mara tatu. Mara ya kwanza zimekuwa uji, mara ya pili zimepasuka, mara ya tatu zimegandia sufuria. Unga uliobaki nautupa kesho." Nilimjibu palepale asiutupe. Kisha usingizi ukaniruka, kwa sababu maneno hayo ningeweza kuyaandika mimi miaka minne iliyopita.

Mimi niliingia kwenye tambi hizi kwa jeuri. Nilishazoea kukanda unga wa ngano, nikaona huu nao ni unga tu. Lakini ngano ina gluteni, inayovutika na kuushika mkando usikatike. Mchele hauna. Tambi ya mchele inashikwa na wanga peke yake: unapata moto, unavimba, unanyonya maji, unashikana. Ukikosea maji au moto, hakuna kingine cha kukuokoa.

Siku niliyozipika kwa ajili ya wageni, wifi yangu alizinyanyua kwa uma, zikamkatikia njiani. Akasema mbele ya meza nzima, "Huu si ni uji uliokatwa kwa kisu?" Watu wakacheka. Nikatabasamu, nikaondoa sahani, nikaenda kusimama jikoni mpaka macho yakauka. Alishaniomba radhi na nimemsamehe, lakini sitasema hayakuniuma. Yaliniuma mwaka mzima.

Kosa langu la kwanza lilikuwa unga wenyewe. Nilichukua wa mchele wa kunata, ambao karibu hauna amilosi, ile sehemu ya wanga inayoipa tambi uthabiti. Chukua unga wa mchele wa kawaida, uliosagwa laini kabisa. Huko Guangzhou, China, ambako tambi pana za aina hii huitwa kwa jina la eneo la Shahe, asili yake ni mchele ulioroweshwa na kusagwa pamoja na maji. Nami nimewahi kurowesha usiku kucha, nikasaga kwa blenda na kuchuja kwa kitambaa. Ladha ilikuwa tamu zaidi, nakiri, ila kwa anayeanza unga mkavu unatosha.

Ninachotumia sasa ni gramu 150 za unga wa mchele, gramu 40 za wanga wa muhogo, mililita 350 za maji, nusu kijiko cha chai cha chumvi na kijiko kimoja cha mafuta. Wanga wa muhogo ndio unaozifanya zivutike kidogo na kung'aa. Rojo litakuwa jepesi kama maziwa, nawe utashawishika kuongeza unga. Usiongeze! Liache litulie saa nzima, unga unywe maji.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wengi wetu tunapopotea. Rojo hupikwa kwa mvuke utando mmoja mmoja mwembamba, ndio unaokatwa kuwa tambi. Koroga kila unapochota. Unga wa mchele huzama chini kwa dakika chache tu. Usipokoroga, utando wa kwanza unakuwa majimaji na kupasuka, na wa mwisho unakuwa mzito na mgumu. Nilipoteza miezi nikilaumu sufuria, moto na aina ya unga, kumbe mkono wangu ulikuwa mvivu. Koroga mpaka chini, mimina, na kabla ya kuchota tena, koroga.

Mengine ni mepesi. Sinia bapa lipakwe mafuta, litangulie kupata moto juu ya maji yanayochemka kwa nguvu, na likae sawasawa, lisiinamie upande. Mimina rojo la unene wa milimita 2 hivi. Kifuniko kifunge kwa kitambaa ili matone ya mvuke yasidondokee utando. Baada ya dakika 3 au 4 utaona umefura mapovu. Toa sinia, liweke juu ya maji baridi, usubiri. Dada yangu wa juzi alikuwa anabandua ukiwa bado wa moto, ndiyo maana ukagandia. Ukipoa unajiachia wenyewe. Paka mafuta juu, kunja, kata.

Kula siku hiyohiyo. Kwenye friji zinakuwa ngumu na kukatika, kwa kuwa wanga ukipoa sana hujifunga upya; mvuke wa dakika chache huzilainisha tena, ingawa si kama mwanzo.

Jumamosi iliyopita nilipika sinia 11 na hakuna utando hata mmoja uliopasuka. Wifi alikuwepo. Alikula, akaongeza, akaniuliza nimeweka nini. Nilimfundisha yote, bila kumficha hata kipimo kimoja. Ndugu zangu, msimwachie mtu aliyeonja mara moja awaamulie kama mnajua kupika. Aliyekucheka hakuwepo jikoni ulipokuwa unapima maji, na hatakuwepo utakaporudia mara ya nne. Rudia. Rudia ukiwa umekasirika ikibidi, lakini koroga.

Asubuhi dada yule alinijibu kwamba unga bado upo, vikombe viwili. Nimemwambia aanze na kimoja, alitulize rojo saa nzima, na asiuweke upawa mbali na mkono wake.