Re: Daladala kukatisha ruti, ni Dodoma tu au na kwa wenzetu?

Ndugu, umeuliza kama daladala kukatisha ruti ni kero ya Dodoma peke yake. Hapana, ila kwetu imezidi.

Jioni unapanda gari iliyoandikwa Mtumba, imejaa mpaka mlangoni. Ikifika Nanenane kondakta anagonga bodi: "Mwisho wa gari, shukeni!" Nauli ameshachukua. Mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo ya nyanya anashushwa gizani, akatafute gari nyingine alipe upya. Hiyo ni dhuluma, na inaniuma kila nikiiona. Wanafunzi ndiyo usiseme, kwa sababu nauli yao ndogo kondakta anawaona hasara.

Nairobi kero ni nyingine: mvua ikinyesha, nauli ya matatu inapanda hapo hapo. Kwetu angalau LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, inapanga nauli kikomo.

London nako basi hukatishwa njiani, dereva akaambiwa ageuze ili kupunguza msongamano wa mabasi. Tofauti ni kwamba abiria halipi mara mbili. Tangu 2016 ukishalipa kwa kadi unaweza kubadili basi ndani ya saa moja bila kukatwa tena. Pesa taslimu hawapokei tangu 2014, kwa hiyo hakuna wa kukimbia na chenji yako.

Kukatisha ruti ni kosa hapa nchini. Ikikutokea tena, andika namba ya gari, saa na kituo ulichoshushwa, upeleke LATRA au kwa trafiki aliye karibu. Na dai nauli yako kabla hujashuka, mkiwa wengi hurudisha.