Kuhusu umri wa Quvenzhané Wallis

Uliyeuliza kama kweli Quvenzhané Wallis, mwigizaji wa Marekani, alidanganya umri ili apate filamu: ndiyo, ni kweli. Kazaliwa 2003 Houma, Louisiana. Usaili wa filamu hiyo, Beasts of the Southern Wild, ulitaka watoto wa kuanzia miaka 6, yeye alikuwa na 5. Umri wake ukaongezwa mwaka mmoja, akawabwaga maelfu ya wenzake, na hapo hajawahi kuigiza popote! Mwaka 2013, akiwa na miaka 9, akawania Oscar ya mwigizaji bora wa kike, mdogo kuliko wote katika historia ya kipengele hicho. Mpinzani wake mmojawapo, Emmanuelle Riva, alikuwa bibi wa miaka 85. Tuzo ikaenda kwa Jennifer Lawrence. Baadaye Quvenzhané akacheza filamu ya Annie, 2014.