Kabla hujamwita mtoto "mzito": kwa walimu wa ajira mpya

Mwalimu mwenzangu uliyeripoti kituoni juzi, usishangae ukikabidhiwa darasa la pili au la tatu. Wazoefu mara nyingi huwekwa la nne na la saba, kwenye mitihani ya taifa. Kwangu huo ni mpangilio mbaya, maana msingi ndio unaohitaji mikono iliyokomaa, lakini ndio utakaoukuta. Na utakuta watoto tayari wana majina: huyu kichwa, yule mzito. Ukiuliza yametoka wapi, utaonyeshwa karatasi moja ya mtihani wa muhula.

Chukua kutoa. Umewapa maswali kumi, mtoto kapata moja. Usifunge daftari, soma makosa yake. 52 − 27 kaandika 35. 41 − 18 kaandika 37. Alilopata ni 68 − 25. Umeona? Kila safu anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, haijalishi ipi iko juu. Kutoa anajua, kinachomshinda ni kukopa tu. Mpe vizibo vya soda, afunge mafungu ya kumikumi, kisha mwambie avunje fungu moja. Aliyekaa pembeni yake naye kapata moja, ila yeye kanakili 3 kila palipo na 8. Huyo msogeze mbele kwanza, halafu zungumza na mzazi habari ya macho. Alama zao ni sawa, shida zao hazihusiani kabisa.

Kusoma kunadanganya zaidi. Mtoto anapitisha kidole kwenye mstari, sauti imenyooka, na mkaguzi akiingia atampigia makofi. Sasa ziba picha, mguse neno lililo katikati ya ukurasa: "Hili ni nini?" Ukimwona anarudi juu kabisa na kuanza kunong'ona sentensi ya kwanza ili alifikie, ujue kakariri ukurasa mzima. Mwandikie ubaoni maneno yasiyo na maana, kama "tamuke" au "lobisa". Anayeunganisha silabi atayasoma huku akicheka. Aliyekariri atakutazama usoni akisubiri msaada.

Maswali ya kuchagua nayo yana hila yake. Maswali 40, kila moja majibu matano: asiyejua kitu akibahatisha anapata wastani wa 8. Darasa la watoto 90 likibahatisha lote, hawakosekani wachache wenye 12 au 13, na hao ndio utakaodhani wana mwanga. Mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba hapa Tanzania ulikuwa wa kuchagua kwenye masomo yote, Hisabati ikiwemo, na majibu yakasahihishwa kwa kompyuta. Miaka hiyo sekondari zilipokea baadhi ya watoto wa kidato cha kwanza wasiojua kusoma na kuandika. Walifaulu, wakachaguliwa, wakashona sare.

Najua utaniuliza muda uko wapi kwa darasa la watoto 90. Huwezi kuwaita wote. Wengine wakiwa kwenye zoezi, ita watatu au wanne mezani, kila mmoja dakika mbili: soma hapa, nionyeshe umefikaje kwenye jibu hili. Andika kwenye daftari lako la mezani tarehe na neno moja tu, "kukopa", "silabi mwambatano" (zenye konsonanti zaidi ya moja, kama "mbwa"), "haoni". Andika na siku za gulio, utagundua kuna ambao siku ya gulio, tuseme Jumatano, hawapo kamwe.

Nawe utapimwa vivyo hivyo. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora Januari 2023, lilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya 2022, na mimi nilifurahi. Lakini kwenye kikao cha tathmini cha kata bado utaulizwa wastani wa darasa lako, namba moja tu. Ijibu kwa adabu, kisha ongeza yako: Februari waliounganisha silabi walikuwa wangapi, Juni ni wangapi. Mwalimu Mkuu huenda asikusikie mara ya kwanza, na Afisa Elimu Kata ana jedwali lake la kujaza. Ongeza hivyo hivyo. Na Desemba ukiitwa ofisini kutaja majina ya wa kurudia darasa, ingia na daftari lako la mezani, umfungulie Mwalimu Mkuu kurasa za mtoto mmoja mmoja.