Usitume hiyo pesa ya gunia

Wewe uliyeandika kwamba umepata gunia la kilo 60 la buni, punje za kahawa ambazo hazijakaangwa, kutoka upande wa Mlima Elgon, kwa bei ya kutupa, na jamaa anataka pesa kabla ya Ijumaa: usitume. Hayo mengine uliyouliza, ukaange kwa sufuria au kwa karai, maji ya hapa Kisumu yawe moto kiasi gani, tutayafikia. Kwanza weka simu chini.

Mimi pia niko Kisumu, na sijui mtu mwingine mji huu aliyewahi kuzika kahawa. Nilizika bila matanga, bila harambee, usiku, majirani wasione.

Nilikuwa nimekaanga miezi minne hivi, nusu kilo nusu kilo, kwa karai juu ya jiko la makaa nyuma ya nyumba. Zilikuwa zinatoka vizuri, jirani anasifu, kichwa kinavimba. Nikachukua kalamu: kilo 60 kwa shilingi 350 ni 21,000, nikikaanga na kufunga kwa pakiti narudisha mara mbili na chenji. Kalamu haina uchungu na pesa ya mtu. Broka akafika na gunia juu ya bodaboda, akaniambia ni daraja la AA. Nikamuuliza, imekauka? Akatabasamu, akatoa chupa ya soda kwenye mkoba.

Kama umekulia upande huu unakijua kipimo hicho. Unatia punje kwenye chupa kavu ya glasi, unatia chumvi kavu, unatikisa. Chumvi ikishika ukutani, nafaka ina maji. Ikianguka chini, imekauka. Mamangu alipima mahindi hivyo maisha yake yote. Jamaa akatikisa, akaigeuza juani, chumvi yote ikatulia chini na glasi ikabaki inang'aa. Mimi nikamwona mamangu ndani ya ile chupa, nikalipa.

Sasa sikiliza vizuri maana hapa ndipo 21,000 zilipokwenda. Chumvi inashika unyevu ukipita asilimia 15 hivi. Ni kipimo cha mahindi, na hata mahindi yenyewe ukiyapeleka ghalani wanataka 13.5. Buni inatakiwa iwe kati ya 10 na 12. Kwa hiyo buni yenye 14 inapita mtihani wa chupa ikicheka, halafu inakwenda kuozea kwako. Na hiyo AA aliyokuimbia (najua alikuimbia, wote wanaiimba) ni ukubwa wa punje tu, zile zinazobaki juu ya chekeche yenye matundu ya milimita 7 na kidogo. Haisemi lolote kuhusu maji. Mtu anaweza kuwa na kifua kipana na bado ana malaria.

Kosa likazaa kosa. Kuna jamaa mmoja wa video, mwenye jiko safi kama hospitali, alisema buni hukaa hata mwaka mzima bila shida, wewe funga tu hewa isiingie. Hakusema ikiwa kavu. Labda kwao mvua hainyeshi. Nikamwaga kilo 60 kwenye pipa la plastiki la bluu, nikabana kifuniko kwa pete ya chuma, nikajipongeza kwamba panya wa mtaa huu wamepatikana leo. Unajua maana ya kufungia kitu chenye maji ndani ya plastiki, kwa joto la Kisumu? Maji hayana pa kutokea. Ni chumba cha mvuke.

Wiki ya tatu nikafungua. Upande wa chini wa kifuniko ulikuwa na matone, yamejipanga kama jasho la mdomo wa juu. Nikaingiza mkono hadi kiwiko. Katikati palikuwa na joto. Joto, ndugu yangu, kama kuku anayeatamia. Punje nilizotoa zilikuwa zimepauka kingo, nyingine zina unga wa kijivu kwenye ule mstari wa katikati, na harufu ni ya sanduku la nguo lililonyeshewa.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilianika juu ya turubai siku mbili, siku ya pili mvua ya jioni ikanikuta mjini. Nikaanika tena. Kisha nikasema nikaange hadi iwe nyeusi, moto utafuta. Moto haufuti. Nilimpa baba mkwe kikombe, akanusa, akakizungusha, akaniambia kwa upole mwingi, "Baba, kama kuna chai nitashukuru." Pakiti nane nilizokuwa nimeuza nikarudisha pesa zote, na mmoja akataka na nauli.

Na usifikiri ni ladha tu. Kuvu wa kahawa wanaweza kuacha sumu inayoitwa okratoksini, ndugu wa ile aflatoksini tunayoogopa kwenye mahindi. Kukaanga kunaipunguza, hakuimalizi. Ndiyo maana nilichimba shimo badala ya kuwagawia watu bure.

Kwa hiyo: kaanga robo kilo kutoka gunia hilo hilo kabla ya kulipa. Si sampuli aliyokuletea kwenye bahasha. Utie mkono mwenyewe, mpaka katikati ya gunia. Pima gramu 250 kwa mizani ya jikoni, na siku hiyo hiyo pima 250 za ile kahawa nzuri uliyozoea. Kaanga zote mbili mpaka rangi moja, ule mlio wa kama bisi uishe, utoe. Kavu itarudi na gramu 210 hadi 215 hivi. Ya gunia ikirudi na 200 ilhali rangi bado ni ya chokoleti, hizo zilizopotea ni maji, na ungeyalipia kwa bei ya kahawa. Angalia pia itakavyotoa mvuke na kuchelewa kugeuka manjano. Ng'ata pia punje moja ambayo hujakaanga: kavu inakataa jino, yenye maji inabaki na alama. Ng'ata polepole, daktari wa meno si bei ya gunia.

Karai, ndiyo, kwa sababu tumbo lake la mviringo linaruhusu mwiko kupita kila mahali. Sufuria itakuunguzia ukingoni. Ukitoa, mwaga kwenye ungo mbele ya feni, nje, la sivyo makapi utayaokota mpaka Krismasi. Maji ya Kisumu yanachemka kama nyuzi 96, mimina tu yakitoka motoni, usinunue kipimajoto.

Nirudi kwa gunia. Mwambie huyo jamaa unataka robo kilo, utalipia hata bei ya dukani. Anayejua kahawa yake atakupimia hata kilo. Akianza kusema kuna mteja mwingine kutoka Nakuru ameshapanda gari, mwambie ampokee vizuri.

Na akitoa chupa ya soda, tafadhali mpe kiti, mpe maji ya kunywa, unitumie ujumbe mko wapi. Kondele mpaka kwako ni dakika ishirini kwa boda.