Fidla Haitunzwi: Kwa Unayetaka Kuishi kwa Taarab Asilia

Ukitaka kuijua nafasi ya mpiga fidla kwenye taarab, tazama pesa zinakwenda wapi. Mama anainuka kitini, anakuja mbele taratibu na noti yake mkononi, anahakikisha anayelengwa na beti ile amemwona, anamtunza mwimbaji kwa kumpa noti ile, anarudi kukaa. Sisi tulioko nyuma tunaendelea kupiga. Vipo vikundi ambavyo tunzo zote huingia kapu moja zikagawanywa, na viko ambavyo kila mwimbaji huondoka na zake. Uliza kabla hujajiunga. Sisemi kwa kijicho, maana waimbaji ndio wanaojaza ukumbi. Ila karibu kila kijana anayenijia kutaka ushauri huanza hesabu zake na jukwaa, na jukwaani ndiko mpiga ala anakopata kidogo.

Halafu usione haya kuwa na kazi nyingine. Vikundi vyetu vikongwe vya taarab, Ikhwani Safaa iliundwa 1905 na Culture Musical Club 1958, na kwa miaka mingi hizi zilikuwa klabu za watu kukutana jioni baada ya shughuli zao. Aliyekuwa na ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi, mapajani usiku, asubuhi alikuwa karani au mwalimu. Mtu wa kula kwa ala peke yake, hapa Unguja, ni jambo la juzi tu, na limeletwa zaidi na utalii. Kwa hiyo anayekuambia kwamba ukiwa na duka basi si mwanamuziki wa kweli, mwache na maneno yake.

Ukiamua kuishi kwa ala peke yake, jambo la kwanza kulijua ni kalenda. Harusi hujazana Shaaban, watu wakiwahi kabla ya mfungo. Ramadhani ngoma zinanyamaza, hata mahotelini wengi hawaiti kikundi. Idd mambo yanafunguka tena. Zamani kidogo Ramadhani iliangukia miezi ambayo wageni ni wachache, hasara ikawa moja. Miaka hii imeshuka mpaka Februari na Machi, kwenye msimu wenyewe wa wageni, na ikimalizika masika iko mlangoni: mvua, hoteli nyingine zinafunga, wazungu hakuna. Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, basi huu mgongano utatukaa kwa miaka kadhaa. Pesa ya Disemba na Januari usiilie raha yote. Mimi naigawa mafungu na fungu la Aprili siligusi, hata mtu aje na harusi ya nduguye.

Kinachoziba pengo ni kufundisha, na hapo ndipo kusoma noti za muziki kunapokuja na faida. Wazee wetu walifunzwa kwa sikio, na wapo ambao hakuna aliyetoka skuli ya muziki anayewafikia. Lakini mwanafunzi anayelipa anataka muziki ulioandikwa kwenye karatasi, na studio ikikuita usiku urekodi kesho haitakungoja ukariri. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kimefundisha yote mawili, maqamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, na noti za Kizungu, na kwa maoni yangu ndiyo njia. Ila jihadhari na jambo moja. Ukizoea mno kinanda, vidole vitasahau robo sauti, zile zinazokaa katikati ya funguo mbili za kinanda. Maqamu kama rasti na bayati zinazihitaji, na kinanda cha kawaida, kama akodiani, hakina. Fidla haina vipande shingoni vya kukuzuia, kwa hiyo unaweza, na mzee aliyemsikiliza Umm Kulthum, yule mwimbaji wa Misri, maisha yake yote atakujua mara moja kama unazikwepa. Kaa na mpiga ganuni. Yeye ana vile vishikizo vidogo vya kupandisha na kushusha sauti, umsikilize mpaka sikio likae sawa.

Ala yenyewe iangalie. Fidla imeunganishwa kwa gundi inayolegea kwa joto na unyevu, na sisi tuna vyote viwili. Usiiache ndani ya gari juani hata kwa muda wa kunywa chai. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, chumvi ya bahari na jasho huzila. Weka seti nzima ya nyuzi akiba, kwa sababu ukikatikiwa siku ya shughuli, hapa si pahala pa kutoka ukanunue dukani.

Bei patana mapema, na iandike hata kwa ujumbe wa simu: nani analeta vyombo vya sauti, usafiri wa kurudi saa nane usiku ni wa nani, mwisho saa ngapi. Jamaa atasema, "Tutaelewana tu, sisi si watu wa kuandikiana." Mjibu kwa upole kisha umtumie ujumbe ule ule.

Na safari za Ulaya, ambazo kila mtu anaziota, zisome hivyo hivyo. Posho ya siku haijumuishi malipo ya onyesho mpaka iandikwe hivyo. Viza nani anaisimamia, na ala nani anailipia kwenye ndege. Fidla mara nyingi utaingia nayo ndani. Ganuni ina urefu wa karibu mita moja, na mjadala wake ufanyike kabla tikiti haijakatwa, si mbele ya yule binti wa kaunta.